Sebule ya Wageni Wasiokuja

Nyumba ya wakwe zangu hapa Njombe ina vyumba vitatu vya kulala, jiko la nje, stoo na sebule. Sebule ndiyo kubwa kuliko vyumba vyote, ndiyo yenye dirisha linalopata jua la asubuhi, na ndiyo ambayo hakuna aliyekuwa akikaa ndani yake. Ilikuwa na makochi ya rangi ya damu ya mzee yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye sahani ambazo sijawahi kuona mtu akizilia, na kapeti ambalo wanangu walikatazwa kulikanyaga. Sisi wenye nyumba tulikula jikoni, tumebanana kwenye vigoda, moshi ukitutoa machozi.

"Sebule ni ya wageni," baba mkwe alikuwa akisema. Wageni wenyewe walikuja Krismasi, au kukiwa na msiba.

Nilihamia pale na watoto wangu baada ya ofisi niliyokuwa nikichorea ramani za nyumba, kule Makambako, kufungwa. Mume wangu alibaki Makambako kwa kuwa anaendesha lori la mbao, akawa anakuja mwisho wa wiki. Wateja wangu hawakuniacha. Mwalimu mmoja wa kijiji cha Kifanya, aliyekuwa amevuna na kuuza miti yake, alitaka kuanza msingi. Mzee mmoja mfanyabiashara wa Makambako alitaka nimchoree fremu za maduka. Kazi ilikuwepo, kompyuta ilikuwepo. Nilichokosa ni mahali pa kuiweka.

Nikamwendea baba mkwe kwa adabu zote nilizofundwa.

"Baba, naomba niweke meza ndogo pale dirishani. Nikimaliza kazi nitaifunika kitambaa, hata haitaonekana."

"Na wageni wakija?"

"Nitaondoka, baba."

"Mwanangu, kazi fanya, hatukukatazi. Lakini nyumba ya watu haigeuzwi stesheneri."

Basi nikaweka meza yangu kwenye korido. Korido ile ni njia ya kila mtu na kila kitu: ndoo za maji, kuni, watoto, kuku akipotea. Siku za mwanzo kila aliyepita aliniambia samahani. Baadaye wakaacha. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa akipita huku akiinua juu ya kichwa changu chochote alichobeba, kama vile mimi ni kizingiti. Na kilichonichoma zaidi ni lile neno: "Kwa kuwa umekaa tu." Kwa kuwa umekaa tu, niangalizie maharage. Kwa kuwa umekaa tu, mshike mtoto. Nakokotoa kipimo cha paa la nyumba ambayo watu watalala chini yake, na bado nimekaa tu!

Siku unga ulipomwagika juu ya kompyuta, nilihamia stoo mwenyewe. Mle hamna dirisha. Nilikaa kati ya magunia ya viazi na mifuko ya mbolea, na ilipofika Julai baridi ilinishika vidole mpaka nikawa navitia kwapani kabla ya kuchora mstari. Nilivaa koti la mume wangu, nikajifunga na blanketi kiunoni. Sikulalamika. Niliamini sheria ya nyumba ni sheria, na inatubana sote.

Kisha shemeji akanunua televisheni kubwa.

Haikupelekwa korido wala stoo. Baba mkwe mwenyewe alisogeza kabati la vioo ili ipate nafasi. Jumamosi hiyohiyo vijana walijaa sebuleni kutazama mpira, wameegemea vile vitambaa, wengine na viatu vyao kwenye kapeti, na baba mkwe katikati yao anashangilia. Nikaingia na sinia la chai. Nilipotoka nilimkuta mama mkwe mlangoni na chupa ya pili.

"Mama, hawa nao ni wageni?"

"Chai inapoa, mwanangu," akasema.

Nilimpigia simu mume wangu. "Vumilia kidogo," akaniambia, "tutajenga kwetu."

"Kutwa nachorea watu nyumba, na wewe unaniambia tutajenga?"

Nikakata simu.

Pengine ningeendelea kuvumilia kama yule mzee wa Makambako asingekuja. Alikuwa na safari zake Njombe, akaona apite aione ramani kwa macho yake. Nilimwomba baba mkwe tukae sebuleni nusu saa tu. Akasema shemeji amelala pale, asisumbuliwe. Kwa hiyo nikampeleka mteja wangu stoo. Aliinama kupita mlangoni, akaketi juu ya gunia la viazi, upindo wa kanzu yake nyeupe ukaburuta kwenye vumbi la mbolea. Alitazama ramani kwa makini, akaisifu, akaomba mlango mmoja usogezwe. Alipokuwa anaondoka aliuliza kwa upole, "Hapa ndipo unapofanyia kazi, mwanangu?"

"Ndiyo, baba," nikajibu. Nikainama kumpangusa vumbi la mbolea kwenye kanzu.

Asubuhi iliyofuata baba mkwe alikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na shemeji hakuwepo. Niliingia sebuleni, nikalikamata kochi la dirishani, nikaanza kulivuta. Lilikwama mlangoni, halitoki wala halirudi. Mama mkwe akatokea jikoni, mikono imejaa unga. Nilingoja kelele. Alilitazama kochi, akanitazama mimi.

"Inamisha mguu wa mbele," akasema. "Ndivyo lilivyoingia."

Tukalitoa sisi wawili mpaka barazani. Kisha tukabeba meza yangu.

Baba mkwe aliporudi alisimama mbele ya lile kochi. "Nani amelitoa?"

"Mimi."

"Mimi na yeye," mama mkwe akasema.

"Mgeni akija akae wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa utaratibu, lakini yalitoka yalivyotaka. "Baba, mimi nakaa hapa kila siku. Nalima hapa, napika hapa, nawalea wajukuu zako hapa. Asiyekuja awekewe kochi, na mimi nikalie mbolea? Kwa nini?"

Kwa wiki kadhaa alikuwa akizungumza nami kupitia watoto. "Mwambie mama yako mbwa hajala," na mimi nimesimama palepale. Lakini meza haikuguswa. Televisheni nayo ikabaki, ila mchana inazimwa.

Mama mkwe alianza kuja na ungo wake, anaketi kwenye kapeti pale jua linapoangukia, anachambua maharage huku mimi nachora. Siku moja aliniambia kwamba tangu chumba kile kijengwe alikuwa hajawahi kukaa ndani yake. Alikuwa akiingia na sinia na kutoka na sinia. Alilisema bila uchungu wowote, na hilo likanikasirisha kuliko yote waliyonifanyia mimi. Ikabidi niache kuchora, nikatoka nje kwanza.

Majuzi mchungaji alikuja na wazee wawili. Baba mkwe aliwaingiza mwenyewe. Nikainuka, nikawaamkia kwa Kibena, "Kamwene." Akawaonyesha meza yangu, kifua mbele.

"Hapa ni ofisini kwetu," akawaambia. "Tunachora ramani."

Tunachora! Walipoondoka nikamgeukia mama mkwe. "Umemsikia?"

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi sikucheka. Bado sijacheka.