Minazi Aliyoipanda Mama

Mwezi uliofuata matanga ya baba, boma letu la Kakuyuni lilinuka majivu na udongo mbichi. Mama alikuwa akichimba mashimo. Kila shimo alilitilia majivu na konzi ya chumvi, akasimamisha mche wa mnazi, kisha akaushindilia kwa nyayo. Mimi na dada yangu Sidi tulimchotea maji huku tukitazama njiani kwa hofu, maana hata sisi watoto tulijua kwamba kwetu mwanamke hupanda mahindi, mihogo na kunde, vitu vya kuvunwa vikaisha. Mnazi hupandwa na mwanamume. Mti unaoishi kuliko mtu ni dai la ardhi, na mjane hana dai. Akikubali kurithiwa na shemeji yake hubaki; akikataa hufunga virago, akawaachia watu wa marehemu shamba lao. Mama alikuwa amekataa.

Baba mdogo Katana, aliyelitaka shamba hilo, alikuja jioni.

"Shemeji, nani kakupa ruhusa ya kupanda minazi hapa?"

"Aliyeniruhusu amelala pale," mama akasema, akalionyesha kaburi kwa jembe.

Kesho yake tulirudi kutoka shuleni tukakuta miche yote imeng'olewa na kuachwa juani. Sidi alilia. Mimi nilishikwa na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka, wala siombi initoke.

Lakini baba mdogo alijiponza mwenyewe. Mmijikenda yeyote anajua kuwa kuua mnazi ni sawa na kumuua mama mzazi. Mama aliifunga ile miche katika kanga, akaenda nayo kwenye kikao cha wazee wa ukoo, akailaza mbele yao kama maiti. "Nimewaletea msiba," alisema. "Nizikieni." Wazee wakatazamana. Mila waliyotaka kumfukuzia ndiyo iliyowakaba koo. Walimtoza Katana mbuzi, wakamwambia mama ampokee mbuzi huyo, ashukuru, arudi kwa wazazi wake. "Mbuzi mleni nyinyi," akasema. "Mimi nataka shamba." Wahenga walisema mnyonge hana haki. Wahenga hawakumjua mama.

Alikwenda mahakamani Malindi, akaenda tena na tena, huku shangazi zetu wakimwita mwanamke asiye na haya. Siku hakimu alipotamka kwamba Katiba haiwabagui mke na binti katika urithi, mama alimwomba arudie polepole, ili shemeji yake asikie vizuri. Shamba likabaki letu.

Sasa mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wa kike huizungumzia haki hiyo kana kwamba walizaliwa nayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, huwaambia, na kazi ya kuunda haijaisha. Mwaka jana baba mdogo, mzee wa mkongojo sasa, alibisha hodi kwangu. Binti yake alikuwa amefiwa na mume huko Ganze, na wakwe walikuwa wamemtolea vyombo nje. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti. Alipoketi akauliza, "Mwanangu, yale mambo ya mahakama aliyoyafanya mama yako, mtu huanzia wapi?"

"Huanzia kwa kukataa, baba. Binti yako amekataa?"

"Amekataa," akasema, na nilimsikia akijivunia.