Wageni wa nyotani walioshukia Maruku

Jamani, leo hapa sokoni Kashai watu wamewatetea wageni kutoka nyotani kama ndugu zao.

Nilipanga meza za maonyesho ya vitabu ambavyo maduka hayavitaki: mizuka, majini, safari za angani. Mimi niliyeishia darasa la saba, leo naitwa mratibu. Chekeni tu.

Dada Jovina kaja kutoka Muleba na nakala za kitabu chake, humo chombo cha angani kinatua shambani Maruku. Mpaka mchana hakuna aliyekigusa.

Akaniambia polepole, "Kaka, wakikikataa na hapa, siandiki tena."

Roho ikaniuma. Nikakichukua, nikaanza kusoma kwa sauti kama napiga mnada.

Kwenye hadithi, wageni wakashuka shambani, migomba ikitikisika. Mwenye shamba akawauliza wanataka nini.

"Ishia hapo," akasema Ma Koku, mama anayeuza ndizi jirani. "Waitu, jamani, watu wametoka nyotani, hata kahawa ya kutafuna, ya kukaribisha mgeni, hawajapewa?"

"Walikuwa na haraka, mama," Jovina akajitetea.

"Haraka ni ya mgeni. Mwenyeji je? Watatusema huko juu."

Msikilizaji mwingine akauliza kama wageni wenyewe wana meno ya kutafunia.

Jovina akaomba kalamu. Akaandika pembeni ya ukurasa: wakapewa kahawa, wakatafuna kimya, migomba ikaacha kutikisika.

Ma Koku akasoma, akalipa.

Sasa kila mtu anataka chenye kahawa. Jovina bado anaandika, anatabasamu peke yake, na mimi nimekaa naangalia angani, juu ya ziwa letu, kama mjinga.

Semeni ukweli, wakishukia kwenu usiku huu watakuta nini?