Maziwa Niliyowakataza Kuyatoa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwekea mtoto riziki yake kifuani mwa mama kabla hajajua kuiomba. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa kuniachia kumbukumbu hata za yale ambayo ningependa kuyasahau. Hili ni mojawapo.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Chang'ombe yalipoanza kujaa bidhaa tena, na sabuni haikuhitaji foleni. Nilikuwa nikiwasomesha Kurani mabinti wa mtaani barazani kwangu, na mama zao walizoea kuniuliza mambo yao: talaka, eda, kufunga wakiwa wajawazito. Nami nilizoea kujibu.

Siku moja walikuja kama saba hivi, watoto mgongoni, wametoka kliniki. Watafiti walikuwa wamewaomba akina mama wanaonyonyesha watoe maziwa kidogo kwenye kichupa yakapimwe, kisha kila mama aambiwe yake yakoje.

"Wangetaka damu ningeelewa," alisema mmoja. "Maziwa ya nini? Wanapika chai huko?"

"Hayo yako hata chai hayataigeuza rangi," mwenzake akamjibu, wakacheka.

Jirani yangu wa ukuta mmoja hakucheka. Mumewe alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, na mama mkwe wake alikuwa amekwisha kumtangaza mtaa mzima kwamba maziwa yake ni maji matupu, ndiyo maana mtoto haongezeki uzito. Walitaka amwachishe, aanzishiwe maziwa ya kopo.

"Mimi nataka nipimwe, Mwalimu," alisema. "Nipate la kumjibu. Kuna ubaya?"

Wote wakanitazama. Sikujua maziwa yale yanapelekwa wapi, na sikusema kwamba sijui. Nikawakumbusha sheria wanayoijua: mtoto akinyonyeshwa na mama asiye wake huwa mwanawe, na watoto wa mama yule huwa ndugu zake, hawaoani.

"Kichupa kikishatoka mkononi mwako," nikasema, "utajuaje kimeishia kinywani mwa mtoto wa nani?"

Hakuna aliyebisha. Kesho yake jirani yangu alirudi kliniki akaomba jina lake lifutwe.

Jumanne iliyofuata nilimsindikiza binti yangu, aliyekuwa mjamzito, kliniki hapo hapo. Nikamwuliza nesi, kwa sauti ya mtu anayejua, hayo maziwa wanamnywesha nani. Alikuwa msichana Mkristo, mgeni wa mji, akanijibu kwa adabu.

"Hanyweshwi mtu, mama. Yanatiwa dawa ya kupimia, yakishapimwa yanamwagwa. Akina mama wa mtaa wenu hawakuuliza, walikataa tu. Kama ni wasiwasi huo, waje niwaeleze. Tunaandikisha mpaka mwisho wa mwezi."

Mwezi ulikuwa umebakiza wiki mbili na siku kadhaa. Aibu yangu iko hapo. Kutojua, Mungu husamehe. Lakini sasa nilijua, na nikanyamaza. Nilimsikia jirani yangu ng'ambo ya ukuta akimbembeleza mtoto, nikajiambia nitamwambia kesho. Nikimwambia yeye itanibidi niwaambie wote, na mabinti wangu watasikia kwamba mwalimu wao alitoa hukumu ya jambo asilolijua. Kesho zikaisha hivyo hivyo.

Nilikwenda kwake mwezi mpya ulipoingia. Nilimkuta anakoroga maziwa ya kopo, kifua amekifunga kanga kwa nguvu ili yake yakauke. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Ulijua lini?"

"Karibu wiki tatu sasa."

"Wiki tatu nyuma nilikuwa bado nanyonyesha, Mwalimu."

Hakunitukana. Alinitandikia mkeka, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake kwa umri, nami nikakaa nikamtazama mtoto akinywa. Mtoto alikua, alhamdulillahi. Lakini mama yake aliendelea kusemwa kwa maziwa ya maji hata kwa watoto waliofuata, na jibu alilolitaka hakulipata tena.

Wenzake nao niliwafuata, mlango kwa mlango. Wa mwisho alisema, "Basi, yamepita, Mwalimu." Jina hilo siku ile lilinichoma kuliko tusi.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki. Akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na mwepesi zaidi wa kusema mapema nimekosea. Na awashibishe watoto wako. Amina.