Chupa Tatu za Chai za Saliha

Kwa miaka kumi na moja Saliha wa mtaa wa Buyenzi alikuwa karani wa kamati ya usalama bungeni, hapa Bujumbura, akiandika kila neno la kila kikao, isipokuwa siku walipofika wakuu wa ujasusi. Siku hizo ilikuwa desturi kumwomba, kwa upole, akatazame chai. Aliporudi, wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, naye aliandika mstari mmoja: "Walifika, wakaeleza." Kwa hesabu yake, ameuandika mara arobaini na mbili.

Kisha kanuni mpya ikapitishwa: karani aliyeapishwa hatoki kikaoni; akitoka hata dakika moja, kikao ni batili. Saliha aliapa Jumatatu. Alhamisi angekuja koloneli wa ujasusi kueleza ni nani anayewapa watu wake kibali cha kusikiliza simu za raia. Saliha alijua kuwa akiinuka siku hiyo ya kwanza, desturi ingerudi na kanuni ingebaki karatasi tu.

Asubuhi ya Alhamisi binti yake, Houda, alimkuta jikoni akijaza chupa ya tatu ya chai.

"Mama, kuna harusi?"

"Inapita harusi. We leta iliki."

Ndani ya teksi alizikumbatia chupa zake, akicheka peke yake, hata dereva akamuuliza kama ni mugonjwa.

Kikaoni, koloneli aliketi, akatabasamu.

"Mama Houda, na chai yetu?"

"Iko mbele yako, Koloneli."

"Mi sikunywaka sukari."

"Ya bluu haina sukari."

"Ya tangawizi?"

"Nyekundu."

Koloneli akafikiri. "Maziwa?"

"Nyeupe. Ni ng'ombe tu nimeacha nyumbani."

Mwenyekiti, Mheshimiwa Léonce, mtu asiyecheka hata siku ya Noeli, alificha uso nyuma ya kitabu cha kanuni. Wabunge wakapiga meza. Hata mabega ya koloneli yakaanza kutikisika.

"Huyu mama angefaa kwetu," alisema.

"Apana, Koloneli. Mi nikisikia maneno ya mutu, namusomea yeye mwenyewe."

Koloneli alimimina ya bluu, akaanza kueleza. Alieleza kwa saa mbili na dakika kumi. Kumbukumbu ya siku hiyo ina kurasa thelathini na nane, na sahihi ya Saliha chini ya kila ukurasa.

Chupa zote tatu zilirudi Buyenzi tupu. Yeye mwenyewe hakuonja hata tone: aliogopa kwenda msalani.