Ukurasa wa Breki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilitoka Litein asubuhi na mapema kwenda Roret nikiwa na suti ya kuazima, na kila hatua niliyopiga nilitamani kurudi nyuma. Ilikuwa siku ya harusi. Watu wengine wote walikuwa wanaenda kusherehekea. Mimi nilikuwa naenda kukiri uongo.

Ngoja nikueleze ilivyoanza. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi katika gereji ya Mzee Onyancha pale Litein. Alikuwa Mkisii aliyekuja huku zamani kutengeneza mitambo ya majani chai, akazeeka nasi. Mikono yake ilijua injini kuliko mimi ninavyojua jina langu. Lakini Kiingereza cha vitabu hakukijua, wala hakuficha.

Mama Chelangat, muuguzi mstaafu wa Roret, alituita tukaone gari la marehemu mumewe. Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini ya silinda nane. Mwinjinia mmoja wa barabara alimwachia mumewe, aliyekuwa dereva wake, aliporudi kwao. Tulilikuta chini ya banda la magunia ya chai, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

"Fundi," Mama alisema, "hii gari ndiyo ilinipeleka kanisani nikiolewa. Nataka impeleke binti yangu Chelangat. Lakini sitaki mniwekee vitu vya lori. Nataka ikae vile ilitoka kiwandani."

Akatupatia kitabu cha gari lenyewe, cha Kiingereza, kinene, kimejaa michoro. Mzee Onyancha alinikabidhi mimi. "Wewe utakuwa macho yangu," akaniambia.

Mwanangu, nilivimba kichwa! Tulilivuta gari mpaka gerejini, na miezi minane nilisoma na yeye akafunga. Rangi tulichanganya mpaka ikafanana na ile iliyokuwa imebaki chini ya zulia. Kabureta alifungua mara tano. Bolti ambayo si yake hakukubali iingie, hata kama ingekaa vizuri. Watu wa soko walianza kupita gerejini kutazama tu.

Kisha tukafika kwenye ukurasa wa breki. Ndani ya kila gurudumu kuna shuu mbili za breki, moja ina lainingi fupi, ile kanda ya kushika gurudumu, nyingine ndefu. Mzee aliuliza, "Gani inakaa mbele?" Kitabu kilisema *primary* ikae mbele. Primary niliyoijua mimi ni ile ya shule. Ningeweza kusema, Mzee, hili neno limenishinda. Lakini kulikuwa na vijana wenzangu watatu pale mlangoni wananitazama. Nikawaza, ya kwanza lazima iwe kubwa. Nikasema, "Ndefu, Mzee."

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma."

Akafunga magurudumu yote manne hivyo. Tulilijaribu kwenye uwanja wa shule, polepole, likasimama. Makofi yakapigwa, na gari likarudishwa Roret kwa Mama.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilikutana na Mama Chelangat sokoni. Akanieleza kwa furaha kwamba gari litabeba bibi harusi, yeye mwenyewe na mama mkwe wake, na shemeji yake ndiye atakayeendesha mpaka kanisa la ng'ambo ya mto. Unaujua ule mteremko wa kwenda mtoni. Jioni hiyo nikaziwaza zile breki kwenye mteremko ule. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba sikujua.

Ndiyo sababu asubuhi ile nilikuwa njiani. Nilimkuta Mzee Onyancha nyumbani kwa Mama, amevaa koti jeusi, anapangusa kioo cha gari. Nikamvuta kando nikamwambia yote.

Hakunipigia kelele. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya ua. "Leta kitabu, kiko garini," akasema.

Chelangat alikuwa anasomea ualimu. Tulipomwita alitoka na nywele zimesukwa nusu, akainama juu ya ule ukurasa. "Hapa chini ya picha wameandika," akasema. "*Primary* ni ile fupi. Inaangalia mbele ya gari." Maandishi yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo siku zote.

Mzee akamgeukia Mama. "Mama, breki tulifunga kinyume, na mteremkoni zinaweza kulivuta gari kando. Fundi ni mimi. Usilipande hili gari mpaka nifungue."

Nilitaka ardhi inimeze. Mama alinitazama, akamtazama yeye. "Itachukua muda gani?"

"Masaa matatu."

"Basi pasta atangoja. Mimi nimengoja hii gari miaka kumi na mbili, tangu mume wangu afariki."

Tukapiga jeki, tukatoa magurudumu, tukavuta dramu, yale mabakuli ya chuma yanayofunika breki, moja baada ya nyingine, suruali ya kuazima ikalowa grisi. Tukiwa gurudumu la tatu ndipo Mzee aliponiambia, bila kuinua kichwa: "Mimi sijui kusoma hii lugha, na Litein nzima inajua. Kila siku nakuuliza. Umewahi kuona nikiona haya? Sasa wewe neno moja likushinde, uogope kuniambia?"

Nikashika spana, nikaendelea kufungua.

Tulipomaliza, alilijaribu mwenyewe kwenye mteremko, peke yake. Nilisimama juu ya barabara nikiomba Mungu. Karibu na daraja trekta la majani chai likatokea kwenye kona. Gari likasimama, sawasawa, bila kuyumba. Lilipopanda kurudi na ile sauti yake nzito, nilikaa chini kando ya michai nikalia kama mtoto, na yalikuwa machozi matamu. Mchana huo Chelangat aliolewa, na wala hakuna aliyelalamika kwamba wali ulipoa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza. Usipojua, sema hujui, na useme mapema, wakati bado ni neno tu. Na kama ulishadanganya, usikae ukihesabu watu watakucheka mara ngapi. Amka uende, hata kama bibi harusi amekaa ndani ya gari. Fedheha yangu ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini nisingekwenda, na gari likaanguka na watu wale, sijui leo nani angekubali kuongea nami.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli, akupe na wakubwa watakaovua makoti yao kukusaidia. Ufike salama kila unakokwenda, na wanaopanda nawe wafike salama. Amina.