Vidude vyangu vya masikioni vilivyopiga mluzi ndani ya gunia la mchele

Wakuu, toeni shikamoo kwanza, mimi ni bibi yenu.

Haya, marahaba.

Shule sikwenda. Hii simu naiongelesha, yenyewe inaandika. Ikikosea mcheke simu. Mengine yote ni kweli tupu, mashahidi ni foleni nzima ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Lipangalala.

Masikio yangu yalikufa siku nyingi. Watu walishaacha kunisimulia. Umbea ukipita naonyeshwa dole gumba tu, basi. Na mimi kuiga sauti za watu ndiyo starehe yangu! Utaigaje usichosikia?

Binti yangu Eufrasia na ndugu zake wakahangaika mpaka nikapata vile vidude vya kusikilizia. Mtaalamu akanipa masharti, anaongea kama anamlisha mtoto uji: "Maa-ma. Penye kelele. Usi-vue. Kichwa kita-zoea."

Nikaitikia. Kuitikia najua sana, nimeitikia miaka yote bila kusikia kitu.

Eufrasia naye: "Mama, ukivipoteza hivi ndiyo basi. Vingine hatuna."

Nyumbani, raha. Nilisikia mpaka kuku akijikuna.

Juzi nikaenda kukoboa. Wakuu! Nilidhani vidude vitachagua, sauti ya jirani yangu Otilia viniletee, mngurumo viuache hukohuko. Wapi! Vikaleta vyote kwa pamoja. Mashine ndani ya fuvu, bodaboda nayo imo, mtu anakwangua chenga za mchele kwa sahani, krrrr! Otilia namuona mdomo unakwenda, kinachotoka ni mashine.

Nikavumilia kidogo. Kidogo sana.

Nikavivua, nikavifunga kwenye ncha ya khanga. Vinawaka hivyohivyo, maana pa kuvizimia nilishasahau.

Sasa mnajua desturi ya mashine. Mchele wako unaukinga mwenyewe pale unapotokea. Ukizubaa, supa yako, mchele wa kunukia, inachanganyika na mchele wa mwenzio. Nikainama, nakinga, najifuta vumbi la pumba usoni kwa ncha ya khanga ileile.

Gunia limeshafungwa, nikagusa fundo la khanga.

Tupu.

Nikayaona yale madole gumba yanarudi. Nikapiga kelele. Najua nilipiga kwa sababu watu wote waligeuka.

Ditriki, mwenye kuendesha mashine, akazima. Foleni ikanuna.

Hapa nilisimuliwa baadaye. Kumbe vidude vile vikibanwa hupiga mluzi! Mzee mmoja Msukuma, kaja na mpunga wake kutoka Michenga, akaruka nyuma: "Yaya! Yaya! Hapana! Mchele unalia huo! Mimi sikoboi hapa!"

Ditriki: "Kimya! Tusikilize!"

Basi watu wazima wakapiga magoti, masikio kwenye magunia, gunia hadi gunia. Na mimi mwenye mali nimesimama katikati yao nauliza, "Kwani kuna nini?"

Otilia ndiye aliyelipata gunia. Langu mwenyewe. Akalifungua, akazamisha mikono mpaka viwiko, akavitoa vyote viwili. Akavipuliza pumba, akanivalisha.

Mashine bado imezimwa. Sauti ya kwanza kuisikia ikatokea nyuma yangu:

"OTILIAAA! MNASEMAJEEE? SEMA KWA NGUVU, UNANINONG'ONEZA KWANI MIMI MCHUMBA WAKO?"

Foleni inakufa kwa kicheko. Nikageuka.

Ni Otilia. Mkono kiunoni, shingo mbele, mimi kabisa! Alizoea kufanya hivyo nikiwa palepale, alisahau kwamba amenivalisha sasa hivi.

Hivi hiyo ndiyo sauti yangu? Trekta lililokwama kwenye tope! Miaka yote najiona fundi wa kuiga watu, kumbe na mimi naigwa, na mshenzi yule ananishinda.

Otilia akaziba mdomo. Ditriki akauliza, "Bibi, niwashe?"

Nikamwambia, "Subiri kwanza. Otilia, hebu rudia."

Funzo, wakuu: vidude havivuliwi. Penye kelele sasa naipa mashine mgongo, namtazama mtu mdomoni. Nikizidiwa natoka nje kidogo, navyo masikioni, halafu narudi. Bado nateseka, sidanganyi. Ila umbea napata nusu, na nusu ya umbea siyo haba.

Wenye vidude kama vyangu, nyie sokoni mnafanyaje? Semeni hapa chini. Eufrasia atanisomea majibu, na safari hii hatapiga kelele.