Pakanga ya Bibi Eliakunda

Wazee wetu wa Suji walilima tambarare lakini hawakulala huko. Jua likiinama walipanda mlima, na mtoto mdogo hakushushwa kabisa. Hawakujua vimelea vya malaria, waliijua homa ya kule. Siku hizi watu wanahamia Hedaru, huko tambarare, kuwauzia wasafiri vitunguu, wanadhani usiku wa kule ni sawa na wa huku.

Jenifer ni mmoja wao. Binti yake Victoria alipochemka homa, alimpandisha mlima mgongoni hadi kwa mama yake, Eliakunda, wa mwisho kati ya waganga wetu wa mitishamba. Eliakunda alipanda pakanga kando ya migomba aliposikia redioni kwamba mseto, dawa ya malaria, hutokana na mmea huo. Tangu hapo nani angemwambia kitu?

Alimnywesha mtoto chai ya majani yake. Kesho yake homa ikashuka, Victoria akaomba ndizi.

"Mmeona?" Eliakunda akawatambia majirani. "Haya, nendeni mkapange foleni kituo cha afya!"

Siku chache baadaye mtoto akalegea, viganja vimepauka. Jenifer akambeba. Eliakunda akaziba mlango, kikombe mkononi.

"Ukitoka naye, umenitangaza mlima mzima kuwa mwongo."

"Mama, akifia humu nitakutangaza nini?"

Eliakunda akaweka kikombe chini, akavuta kanga, akafuata nyuma akigomba njia nzima.

Kwenye kituo cha afya, tabibu Wilbard alimtoboa mtoto kidole. Malaria, tena kali.

"Shikamoo, bibi. Ulimpa pakanga?"

"Marahaba. Si ndiyo hiyo hiyo mnayotia kwenye vidonge?"

"Mmea ni huo. Ila dawa iliyo kikombeni ni kidogo, wala haipimiki. Ilipunguza vimelea, homa ikashuka, vilivyobaki vikazaana. Watafiti wamelipima hilo. Ndiyo maana kwenye mseto hukamuliwa, hupimwa, kisha huongezewa dawa nyingine ya kuvimaliza." Alikuwa ameshachukua sindano. "Hii nayo imetoka kwenye pakanga. Mshike."

Eliakunda akaishika miguu ya mjukuu wake, baridi kama mawe ya mtoni. Hakuiachia hadi alasiri, Victoria alipoangua kilio cha hasira.

"Lia," bibi akamwambia. "Lia sana, mama."

Pakanga ingali kando ya migomba. Lakini ukimletea bibi mtoto mwenye homa, kabla hajagusa sufuria anauliza swali la wazee: "Amelala tambarare?" Ukijibu ndiyo, anakuelekeza kituoni, na ukibisha anachukua fimbo.

Jenifer amerudi Hedaru. Victoria hakurudi naye, bibi amekataa. Mama yake akitaka kumwona, apande mlima.